Vidole Viwili Kutoka Chini

Koki ya tangi la maji haiwekwi chini kabisa. Fundi bati yeyote wa mtaa wa Ng'ambo atakwambia hivyo, na ukimwuliza sababu atakushangaa. Maji yetu ya Tabora yana tope. Ukiweka koki chini, tope lote linaingia kwenye kikombe cha mgeni wako. Kwa hiyo unapima vidole viwili kutoka chini, unatoboa hapo, unalehemu. Tope linabaki ndani, maji safi yanatoka. Marehemu baba alinifundisha hivyo kabla sijaweza kushika vizuri mkasi wa bati. Yeye alifundishwa na babu, aliyekuwa akiziba mabirika na masufuria ya watu wa misafara, wakati njia ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilikuwa bado inapitwa kwa miguu. Vidole viwili. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna vitu ambavyo cha maana ni kile kinachobaki chini.

Nimesoma mpaka darasa la nne, basi msinitafutie maneno makubwa. Lakini waliohusika nitawataja. Majina yao nayajua mpaka leo, ila sitayaandika, maana si majina yaliyofanya kazi ile, ni vyeo. Nitawataja kwa vyeo vyao: mwenyekiti wa kijiji, mganga wa zahanati, na fundi bati. Fundi bati ni mimi.

Nilioa upande wa Igalula, nikahamia huko kwa wakwe zangu. Mke wangu alikuwa Mnyamwezi wa huko huko, mkulima hodari, na mimi nilikuwa mtu wa mjini niliyefika na mkasi, nyundo na chuma cha kulehemu. Ndugu zake walinicheka nilivyokuwa nashika jembe. Yeye hakunicheka. Jioni akitoka shambani alikaa karibu yangu akivuta mvukuto wa kupulizia makaa, na kwa miaka ile akawa anaijua kazi yangu kama ninavyoijua mimi. Angeweza kukwambia lehemu imeshika au haijashika kwa kuitazama tu.

Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike, hajatimiza miaka sita. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ya kuokotea misumari midogo inapodondoka mchangani. Hiyo sumaku ilikuwa yake kuliko yangu. Aliiburuta kwenye mchanga wa kijito kikavu, na mchanga wa kule una chembe nyeusi za chuma, basi sumaku inarudi imejaa manyoya meusi kila upande. Ananiletea, anasema, "Baba, mzee kaota ndevu." Kisha anaiamkia, "Shikamoo mzee," na mwenyewe anaitikia kwa sauti nene, "Marahaba." Mama yake alimkataza, akisema amkio si mchezo. Hakusikia.

Ulipokuja wakati wa kuhamia vijijini, tulihamishwa na sisi. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye shamba lake, nyumba na nyumba mbali, ukitaka kumwita jirani unapiga ukelele. Wakaja wakasema wote tukae pamoja kandokando ya barabara, tupate shule, maji na zahanati. Sisemi siasa ilikuwa mbaya. Nilipoisikia redioni niliipenda, na zahanati tuliikuta kweli, vyumba viwili, imepakwa chokaa. Nasema nyumba zetu zilikuwa hazina kuta. Tulihamishwa mwezi wa tano, na mwezi wa sita baridi ya Unyamwezi ilitukuta na nguzo na nyasi juu, udongo bado. Mwenyekiti alisema tutakandika baada ya kumaliza kulima shamba la kijiji. Huyo ndiye wa kwanza. Alikuwa mtu mwenye sauti, na kila jambo lililoharibika kwake lilikuwa hujuma.

Watoto wakaanza kifua. Kikohozi kwanza, kisha kichomi, mtoto anapumua kwa mbavu, pua zinapanuka. Mganga wa zahanati, kijana mpole mwenye miwani, aliandika barua mjini, na lori likaleta dawa. Zamani ilikuwa inakuja kwenye vichupa vidogo. Safari hii vichupa havikuwepo, wakatuletea magaloni mawili ya kioo, makubwa, yamejaa dawa nyeupe kama maziwa, tamu, inanukia ndizi. Kila mzazi alikuwa anakuja na chupa yake, ya soda au ya mafuta, imezibwa kwa gunzi, mganga anammiminia.

Siku ya pili tu galoni moja likamponyoka. Lilikuwa zito, na mikono yake ililowa. Kioo kikapasuka, dawa ikatapakaa sakafuni, na baada ya saa moja sisimizi wametanda pale. Mwenyekiti alikuja akafoka mpaka mishipa ikamsimama. Akasema hiyo ni mali ya umma, na akasema zaidi: kwamba amesikia mganga anawapa watu wake chupa zilizojaa, na kwamba kuna watoto wanaingia kuilamba kwa utamu. Mganga aliinama akaokota vipande vya kioo. Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni pamoja na wengine.

Aliniambia nitengeneze debe la dawa, lenye koki, lisilofunguka. Lehemu juu kote, liachwe tundu moja dogo la kumiminia, nalo liwe na kifuniko na kufuli, ufunguo akae nao yeye. Lipigiliwe kwenye meza lisiinuliwe na mtu. Kila mgonjwa apate kipimo sawa na mwenzake. Akasema nikifanya kazi nzuri nitaondolewa kwenye shamba la kijiji mpaka mavuno.

Hapa naomba msomaji anielewe. Nililichukia lile shamba. Mikono yangu si ya jembe. Nilisikia "mpaka mavuno" nikawa sisikii kingine.

Nilifanya kazi siku mbili. Nilichukua madebe mawili ya mafuta ya kula, nikayachemsha kwa majivu mpaka harufu ikatoka, nikayaunganisha likawa debe moja refu. Koki niliitoa kwenye pipa bovu la kambi ya barabara, nikaisugua ikang'aa kama pete. Nikapima vidole viwili kutoka chini. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe. Mke wangu alikuwa anavuta mvukuto, na binti yetu anapitisha sumaku mavumbini kuniokotea vipande vya chuma. Lilikuwa debe zuri. Nalisema hilo kwa uchungu, lakini ni kweli, sijawahi kutengeneza debe zuri kuliko lile.

Mganga akamimina galoni lililobaki kwa mrija, mwenyekiti akafunga kufuli, watu wakapiga makofi. Kwenye foleni siku hiyo akina mama walikuwa wananitania. Mmoja, mwenye kitoto mgongoni na chupa ya soda mkononi, alinambia, "Fundi, mwenyekiti naye mtie koki, maneno yatoke kidogo kidogo." Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, nikijiona mtu mkubwa.

Mara moja moja, kabla ya kufungua koki, mganga alikuwa analipiga debe makofi mawili matatu ubavuni, kama mtu anayemwamsha ng'ombe aliyelala. Nilimwona. Nilidhani ni mazoea tu ya mikono.

Wiki ya pili binti yangu akaanza kukohoa.

Mama yake alikwenda zahanati na chupa yetu, akarudi nayo imejaa. Kijiko asubuhi, kijiko mchana, kijiko jioni. Hakukosa hata kimoja, alimpa kwa mkono wake, akamfuta mdomo kwa upindo wa khanga. Nilizungushia mikeka pale mahali pa kuta, nikawasha moto katikati. Siku ya tatu mbavu zikaanza kuvuta. Mke wangu aliinua ile chupa kwenye jua, akaitazama muda mrefu, akasema dawa hii imekuwa nyepesi, ile ya galoni aliyoiona kwa jirani ilikuwa inagandia kwenye kijiko. Nilimjibu kwa ukali kwamba bati halinywi dawa. Nilidhani anaisema kazi yangu vibaya. Akaenda mwenyewe kumwambia mganga. Mganga akampa dawa zaidi, vijiko viwili badala ya kimoja. Vijiko viwili vya maji matamu.

Nilitaka kumpeleka mjini. Lori la kijiji lilikuwa limekwenda kuchukua mbolea, na kufika stesheni ya Igalula ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Nilimwendea mwenyekiti kuomba baiskeli yake. Akanambia kwa upole kabisa, "Fundi, dawa ipo hapa kijijini, mjini unafuata nini? Ukienda wewe, kesho wote watakwenda." Niliona maneno yake yana maana. Debe lilikuwa limejaa, nililitengeneza mwenyewe.

Siku ya tano, asubuhi jua limeshapanda, mtoto aliomba sumaku. Nilimwekea kiganjani. Haikuwa na ndevu, maana ilikuwa imefutwa. Aliishika tu. Mama yake alikuwa nyuma anachemsha uji. Nilikuwa namtazama mbavu zile zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka, halafu zikashuka. Nilingoja zipande. Uji ulikuwa haujaiva.

Tulimzika kabla ya adhuhuri kupita, upande wa pili wa barabara, maana kijiji kilikuwa bado hakijatenga mahali pa makaburi. Alikuwa wa tatu pale. Baada yake walikuja wawili.

Siku ya nane baada ya maziko, koki ikaacha kutoa. Mwenyekiti alituma mtu kuniita: dawa imekwisha, lori linaleta nyingine, njoo ufungue debe tulisafishe. Nikaenda na mkasi. Walikuwepo mwenyekiti na mganga, na yule mama aliyenitania, kitoto chake sasa hakipo mgongoni bali kifuani, kimelegea, kinapumua kama alivyokuwa anapumua wangu. Alikuja kuchukua dawa akaambiwa hakuna. Mke wangu naye alikuwepo. Alikuja nyuma yangu bila kuniambia.

Nilikata bati juu, duara. Nikachungulia.

Chini ya debe kulikuwa na kitu cheupe. Si maji. Kilikuwa kizito, kimeshikana kama chokaa iliyolowa, kimelala sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Kilifika mdomo wa koki na hapo kikaishia. Vidole viwili.

Ile ndiyo dawa. Dawa yenyewe ilikuwa haiyeyuki kwenye maji. Inaelea kidogo ukiitikisa, kisha inazama. Tulichokuwa tunachukua kwenye chupa zetu ni maji yake, sukari yake, na harufu yake ya ndizi.

Mganga ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo, akasema karatasi ya galoni iliandikwa itikiswe. Nilimwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, fundi."

"Mbona hukusema?"

Alivua miwani akaifuta kwa koti. "Ningesema kwa nani? Wewe ulikuwa umeshaziba."

Huyo ndiye wa pili. Tangu siku hiyo nimemfikiria kuliko mwenyekiti. Mwenyekiti hakujua Kiingereza cha karatasi ile, alijua kufoka tu. Yule mwingine alijua, akawa anapiga debe makofi.

Mwenyekiti alikuwa ametoka jasho. Alisema koki iko mahali pake, kila mtu anaona, fundi hana kosa, hakuna mwenye kosa. Alisema tukiwaambia watu tutaleta fujo. Baadaye nilisikia ripoti iliyokwenda mjini ilisema dawa ilichelewa kufika.

Mke wangu hakuwatazama wale wawili. Alinitazama mimi.

"Koki uliiweka wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

Niliinua vidole viwili. Aliviangalia vidole vile kama vitu asivyowahi kuviona, yeye ambaye alikuwa ameniona nikivipima, na mvukuto mkononi mwake. Akageuka akatoka.

Mganga alichota kile cheupe kwa ncha ya kijiko, akakikoroga na maji kwenye kikombe, akapima kwa jicho, akamnywesha mtoto wa yule mama. Akampa tena jioni, na kesho, na keshokutwa. Kile kitoto kilipona. Ni mtu mzima leo, ana duka la baiskeli. Nikimwona barabarani ananiamkia kwa adabu, nami naitikia, lakini sikai naye.

Kile cheupe kilichobaki kilitosha watoto saba.

Mke wangu alikaa nami mpaka udongo wa nyumba ukakandikwa. Hakugombana nami. Alipika, akaniwekea, akala kando. Kulipokwisha kuwa na kuta, alifunga nguo zake kwenye khanga na kuniambia anakwenda kwa kaka yake. Nilimsindikiza mpaka stesheni. Tulitembea kutwa nzima. Treni ilipokuja alinipa mkono kama mnavyopeana na jirani. Tangu hapo sikumwona. Nasikia aliolewa upande wa Nzega, ana watoto. Namtakia heri, na simsamehe, na najua mwenye kuomba msamaha ni mimi. Yote matatu nayasema kwa pamoja, mtanisamehe.

Mimi nilirudi Ng'ambo, kwenye kibanda cha baba. Mwenyekiti alipanda cheo akahamishwa. Mganga alikwenda kusomea zaidi. Fundi bati akaendelea kulehemu.

Miaka ikapita. Siku moja alikuja kibandani daktari kijana wa hospitali, ameleta sufuria la kuchemshia sindano, limevuja. Alikaa kwenye kigoda kungoja. Aliniona nikipitisha sumaku mavumbini kukusanya vipande, naye akaichukua akaichezea, ikaota ndevu. Akacheka peke yake. Akaniambia alikotoka kusoma, ng'ambo ya bahari, kuna watu wanajaribu jambo kama hili. Kuna dawa, alisema, hazitaki maji kabisa, ukimpa mgonjwa hazifiki zinapotakiwa. Sasa hao wataalamu wanachukua vumbi la chuma, laini kiasi kwamba jicho halilioni, wanalivika dawa, wanaliingiza kwenye damu. Halafu wanaweka sumaku juu ya mahali panapouma, tuseme kifuani, na lile vumbi linavutwa linakaa pale, linaiachia dawa kidogo kidogo.

Nilikuwa nimeshika chuma cha moto. Nilikirudisha kwenye makaa.

Nilimwuliza, hata dawa ile inayozama chini ya chombo?

"Hiyo hasa, mzee," akasema. "Hizo ndizo zinazotusumbua. Bado ni majaribio, hata huko kwao hawajampa mtu. Lakini itafika siku."

Aliongea vizuri, kijana wa watu, hana kosa lolote. Akaendelea kunieleza jinsi chuma kinavyobeba, na mimi namwona mtoto amekaa kwenye kijito kikavu, ana kila kitu kinachotakiwa: sumaku mkononi, vumbi la chuma limejaa tele, na kifua chake mwenyewe. Na dawa haikuwa mbali. Ilikuwa mwendo wa dakika tano, imelala chini ya debe langu.

Daktari aliponiuliza kama nimewahi kuiona dawa ya namna hiyo, nilisema hapana. Nilimzibia sufuria lake, akaenda. Nilikaa nikizitoa zile ndevu kwenye sumaku moja moja, mpaka ikawa safi.

Koki zangu siku hizi naziweka chini kabisa, zinagusa sakafu ya tangi. Wateja wanalalamika. Majuzi mama mmoja alirudisha ndoo ya koki niliyomtengenezea, ameijaza maji kuniridhisha, akafungua koki mbele yangu, tope likatoka likalowesha viatu vyangu. Akaniuliza, si kwa hasira, bali kama mtu anayemwonea huruma mzee, "Fundi, hukufundishwa koki inawekwa wapi?"

Nilimwambia nilifundishwa. Akachukua ndoo yake akaenda kwa fundi wa jirani. Nilimsikia yule fundi akimcheka, kisha nikasikia nyundo yake ikitoboa, na bila kutazama nilijua amepima wapi.